Behewa Lililosimama Mbele ya Nyumba ya Kaka

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwangu ana swali moja: kaka yuko wapi? Wengine wanauliza hata sijaitikia shikamoo yao. Nikimweleza mmoja asubuhi, jioni anakuja mwingine na habari tofauti kabisa, eti ameipata kwa yule wa asubuhi. Nimechoka kusahihisha. Naandika yote hapa mara moja, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Maandishi yangu mtayavumilia. Mimi ni mtu wa kisomo cha watu wazima, nilijifunza nikiwa tayari na watoto, na mwalimu wetu alikuwa akisema mistari yangu inatembea kama mbuzi walioachiwa shamba la dengu.

Wengi mnajua sababu ya safari, lakini wapo vijana waliozaliwa juzi, kwa hiyo naanzia mbali kidogo. Baba yetu alipokufa alijengewa bung'eda, lile kaburi kubwa la heshima tunaloliinua kwa udongo na miti kwa miezi mingi, mpaka mtu akiwa mbali anadhani ni kilima. Si kila mtu anajengewa. Baadaye likaja shamba la ngano. Matrekta yakalima malisho, yakalima njia za ng'ombe, na msimu mmoja yakapita juu ya baba. Kaka yangu Gidabarda, mtoto wa kwanza wa kiume, alisimama pembeni akaangalia mpaka trekta likamaliza. Kesho yake akafungua ng'ombe wake, akaondoka na mke wake kwenda kusini. Alisema hatarudi mpaka baba arudishiwe mahali pake. Hakupiga kelele. Kaka si mtu wa kelele, hizo niliachiwa mimi.

Miaka ikaenda. Likaja soko huria, shamba la ngano upande wetu likachoka, matrekta yakaota nyasi kwenye magurudumu. Tukatolewa Arusha, tukapewa mkoa wetu wa Manyara. Mwisho, kile kipande cha ardhi kikarudi kijijini. Wazee wakakaa wakasema bung'eda ya baba iinuliwe tena, hata kama itakuwa ndogo. Lakini bonge la kwanza la udongo huwekwa na mtoto wa kwanza. Mimi ni wa pili. Nikakata shauri kwenda kumleta.

Basotu mpaka Katesh

Habari za kaka nilizipata kwa mfugaji mmoja aliyetoka huko chini. Alisema Gidabarda anakaa kando ya reli, mbele ya Dodoma, kupita Gulwe, kwenye kituo kidogo ambacho jina lake wenyeji wanalitamka kwa namna ambayo mimi siwezi kuiandika. Magari hayafiki, labda kiangazi. Usafiri ni treni. "Na hutapotea," akaniambia. "Kaa dirishani. Kati ya nyumba zote za watu wa kule utaona boma moja la kwetu, lango lake linakuangalia. Hapo teremka."

Reli! Mnakumbuka tulivyoisubiri? Wakati wa ngano tuliambiwa itafika hapa hapa Basotu kuja kuchukua magunia, na sisi tutapanda bure mpaka tuchoke. Kuna mzee, marehemu sasa, alikuwa anawakataza watoto kuchungia upande ule, eti treni ikija ghafla itaua ndama. Haikuja. Iliishia Singida. Mimi nimezeeka bila kuiona, na nilipojua kwamba njia ya kwenda kwa kaka ndiyo hiyo hiyo, moyo ulinienda mbio kama wa mtu anayeenda kuposa.

Mke wangu alinijazia kibuyu cha maziwa ya mgando, yale yetu tunayosafishia kibuyu kwa mkaa, rangi ya majivu. Akanipa na samli ya kumpelekea mke wa kaka, maana walipendana sana hawa wawili. Alifunga samli ile kwa kitambaa, akafungua, akafunga tena. "Mwambie nywele zangu zimeshakuwa nyeupe," akasema. "Mwambie asinicheke."

Nikapanda lori la mahindi. Likaharibika katikati ya lile shamba la zamani, mahali ambapo hakuna mti wa kukupa kivuli, maana yote ilifyekwa kwa ajili ya ngano. Dereva akaingia chini ya lori, akabaki ananiongelesha kutoka huko.

"Mzee, Dodoma unakwenda kugombea ubunge?"

"Nakwenda kumchukua kaka yangu."

"Kwani hana miguu?"

"Miguu anayo. Hasira ndiyo ilikuwa haijamwisha."

Akacheka huko chini mpaka akajigonga kichwa. Tulifika Katesh jua limeshakwenda kulala nyuma ya mlima, na mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu, hata sikuagana nao vizuri. Asubuhi nikapata basi la Singida. La basi sisemi kitu. Vumbi mnalijua.

Singida, kuisubiri treni

Watu walisema treni inaondoka asubuhi. Nikafika asubuhi. Wakasema mchana. Mchana wakasema haijafika bado, sasa itaondokaje? Nikaona ni jibu la haki.

Nikaenda kuziangalia reli zenyewe. Ndugu zangu, miaka yote ile nilikuwa nadhani ni kitu kipana, kwa jinsi tulivyokuwa tunatangaziwa. Nikakuta vyuma viwili vilivyokaribiana, hatua moja ndefu umevivuka vyote. Njia nyembamba, kama ile ng'ombe wanayoichimba kwa kwato wakienda majini. Pembeni alikaa mzee mmoja Mnyaturu na magunia yake ya alizeti. Nikamuuliza, "Kinachopita hapa kinabeba watu?"

"Kinabeba watu na matatizo yao," akasema. "Karibu ukae. Hiki ndicho chumba cha kusubiri, sisi wengine tumehamia kabisa."

Nilikula kuku wa Singida. Yule kuku nimemkumbuka mpaka leo, na mke wangu akisoma hapa asinune, yeye mwenyewe anajua sisi si watu wa kuku.

Treni ikaja jua likiwa upande mwingine kabisa. Nilisimama kama mtoto. Kichwa chake kilikuwa kinatoa moshi na kunguruma, lakini macho yangu yalikuwa kwa mabehewa. Yalifuatana kimya, moja limeshika mkia wa jingine, yakiyumba kidogo mabegani kama ng'ombe walioshiba. Rangi imepauka. Mengine yana kutu chini ya madirisha, mistari mistari, kama machozi yaliyokauka. Watu waligombania namba, huyu anatafuta hii, huyu ile. Mimi namba sikuhangaika nazo. Niliyaangalia sura zao. Moja lilikuwa na dirisha lililozibwa kwa ubao, jicho moja limekufa. Nikasema hili ndilo langu, maana ng'ombe mwenye kilema hapotei kundini. Nikaingia daraja la tatu, nikakaa kwenye benchi karibu na jicho zima.

Behewa lenye jicho moja

Hapa sasa nieleze kisa cha yule mama, maana nasikia mmeshakisikia kimegeuzwa.

Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye tenga la kuku miguuni na mtoto mchanga mgongoni. Treni ilipoanza kutikisika mtoto akalia. Akalia, akalia, akakataa ziwa, akabadilika rangi. Behewa zima likaanza kutoa ushauri, na mama akaanza kulia naye. Mimi nikafanya kama mzee yeyote wa kwetu angefanya. Nikamimina maziwa kidogo kiganjani, nikayatia mdomoni, nikamnyunyizia mtoto usoni, pfff, huku namwombea utulivu na maisha marefu.

Ee bwana! Mama yule aliruka kama amekanyaga moto.

"We babu una wazimu? Unamtemea mwanangu!"

"Ni baraka, binti yangu."

"Baraka gani nyeusi hii? Angalieni rangi yake! Ni majivu haya!"

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mang'ati huyo. Amemloga mtoto mchana kweupe." Jina lile la kutusimanga mnajua tunavyolipenda. Mwingine akasema kibuyu kitupwe nje. Mwingine akasema tutupwe wote, mimi na kibuyu. Akaitwa mkagua tiketi, baba mmoja mnene aliyevaa kofia, akaja akijifuta jasho.

"Mzee, shikamoo. Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Marahaba. Nimembariki."

"Kwa nini?"

"Kwa maziwa."

Akanusa kibuyu. Akarudisha kichwa nyuma. "Na hayo maziwa yameungua?"

Nikamweleza habari ya mkaa. Nikanywa mbele yao mdomo mzima waone kama nitakufa. Wakaningojea nife. Ndipo mtu mmoja akasema, "Lakini mtoto amenyamaza." Wote tukamwangalia. Mtoto alikuwa ananitazama mimi kwa macho makubwa, analamba mdomo. Naona alishtuka tu, sitaki kujisifu. Mkagua tiketi akasema, "Basi mwacheni mzee, ila babu, ukitaka kubariki mwingine uombe ruhusa kwanza." Behewa likacheka.

Baadaye yule mama akanimegea kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mama Shukuru anaitwa, huyo mtoto ndiye Shukuru. Akaniuliza natoka wapi.

"Natoka Manyara."

"Manyara si mbuga ya wanyama?"

"Ni mkoa sasa."

"Mbuga imekuwa mkoa! Na wanyama mmewahamishia wapi?"

"Mmoja yuko hapa na kibuyu," akasema yule wa nyuma, yule yule wa Mang'ati, na mara hii nilicheka na mimi.

Nikamsimulia Mama Shukuru habari ya kaka. Akasikiliza vizuri, mtoto amelala mapajani. Akauliza, "Na akikataa?"

Swali lile sikuwa nimelifikiria. Kweli kabisa. Nilikuwa nimewaza matope, wezi, treni kukosekana, ugonjwa. Nikamwambia, "Atakataaje? Alisema atarudi baba akirudishiwa mahali pake. Na sasa amerudishiwa."

"Hayo aliyasema lini, babu?"

Nikageukia dirisha. Manyoni tulisimama muda mrefu kupisha treni ya mizigo, watu wakashuka kununua asali, na mimi sikushuka. Nilikuwa nahesabia moyoni mambo ambayo huenda yamempata kaka katika miaka yote ile, na sikujua hata moja.

Dodoma na kuendelea

Dodoma tuliagana. Mama Shukuru alinielekeza treni ya kuteremka chini, akaniambia nikae upande wa mkono wa kulia. Nilisubiri hapo stesheni na watu wengi, nimelalia mzigo wangu. Nilinunua zabibu kwa sababu kila mtu alikuwa ananunua. Ni tunda zuri lakini halimalizi njaa, ni kama kula maneno.

Treni ya pili ilikuwa ndefu, na mabehewa yake yalijaa hata milangoni. Jicho moja langu lilibaki Dodoma. Mtacheka, lakini niliposimama ndani ya lile jipya nilijiona mgeni zaidi kuliko nilipotoka nyumbani.

Kupita Gulwe nchi inabadilika, vilima vinakusogelea, mto wenye mchanga unakwenda na wewe. Nikanyoosha shingo dirishani. Nyumba za tembe, mashamba ya mtama, mbuzi, mbuzi, mbuzi. Halafu nikaliona. Boma la miiba, lango la kwetu, limekaa kwenye mteremko juu kidogo ya kituo, kama mtu alilinyanyua kutoka Basotu akaliweka pale usiku watu wamelala. Nilipiga kelele, "Ndilo hilo!" Watu wakadhani nimeibiwa.

Boma la kaka

Alikuwa amesimama langoni. Akisikia treni ikifika hutoka kuangalia, ndivyo alivyoniambia baadaye. Hutoka kila treni.

Aliniangalia napanda ule mteremko, akaniacha nipande mpaka mwisho. Halafu akasema kwa lugha yetu, "Nilidhani wamenitumia babu yangu. Kumbe ni mdogo wangu. Nani amekuzeesha hivi?"

"Wewe," nikamwambia. "Ulinibakizia kazi zote."

Tukacheka, tukashikana, na hatukuachana haraka. Alikuwa amekonda, lakini miguu ni ile ile, miguu ya mtu aliyetembea na ng'ombe. Nikatoa samli. Nikasema hii ni ya shemeji, yuko wapi, nina maneno yake kutoka kwa mke wangu.

Kaka akaipokea samli kwa mikono miwili. Akaniongoza nyuma ya boma, juu zaidi kwenye mteremko. Hapo palikuwa na kaburi, kilima kidogo cha udongo cha kufika kiunoni, kimezungushiwa uzio wa miiba. Alikuwa amekijenga peke yake. Huko hakuna watu wetu wa kumsaidia, na watoto wao wawili walikufa wadogo hapo hapo na wamelazwa kando yake. Akafungua kitambaa, akachukua samli kwa kidole, akaipaka juu ya udongo polepole, kama anavyopakwa mgeni wa heshima. "Mwambie yale maneno," akasema.

Nikasema ya nywele nyeupe. Nikasema asimcheke.

Jioni nikampa ujumbe wa wazee. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Aliuliza kipande kile kimerudi chote au nusu. Aliuliza ni nani wamebaki wa rika lake. Aliuliza kama uzao wa ng'ombe mwekundu wa mama bado upo. Nikamwambia upo, ana mjukuu anayefanana naye mpaka doa la paji la uso. Hapo mkono wake ukasimama.

"Hata lile doa?"

"Hata doa."

Akakamua tena kidogo, halafu akasema, "Twende." Hivyo tu. Nami nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikabaki nayo.

Akapatana na jirani yake, mzee wa Kigogo, amwangalizie ng'ombe na kaburi mpaka atakaporudi, maana alisema ataweka bonge la kwanza, atakaa nasi msimu mmoja, halafu ataona. Jirani akaapa kwamba hata kuku hatakanyaga pale. Sasa mzee yule ana mbuzi wengi, na uangalizi wake mtauona.

Siku treni iliposimama

Treni ya kupanda Dodoma ilifika asubuhi. Tukaingia, kaka na mzigo wake mdogo: shuka, viatu vya tairi, kibuyu. Nikamtafutia nafasi upande unaotazama boma. Mwenyewe nilifanya hivyo, kwa wema, ili treni ikiondoka aliage. Kama ingeondoka saa ile, mngekuwa mmeshamwona.

Haikuondoka. Watu wakaanza kuulizana. Ikajulikana kwamba kichwa kimekatwa, kimekwenda kuvuta treni ya mizigo iliyokwama kwenye mwinuko huko mbele. Sisi tumebaki mabehewa matupu, hayana mbele wala nyuma.

"Kichwa kimekwenda kuoa," akasema jamaa mmoja wa mitumba. "Kitarudi na mke."

"Kirudi na chai," akasema mama muuza samaki wakavu aliyekaa karibu yangu. "Mke hatumuhitaji."

Joto likapanda. Watoto wakalia, wanaume wakashuka kukaa kivulini chini ya mabehewa. Na mimi, niseme ukweli, mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa na kaka yangu benchi moja, bega kwa bega, hatuna ng'ombe wa kuchunga wala mtu wa kutuita. Tulikumbushana mambo ya ziwani Basotu, viboko waliotufukuza tukaacha nguo, na kipigo cha mama kwa sababu ya hizo nguo. Kaka alicheka mpaka yule mama wa samaki akasema, "Babu, tuelezeni na sisi tucheke, hapa tunakufa." Tukamtafsiria. Alicheka pia.

Halafu kaka akageukia dirisha katikati ya neno. Alikuwa anaangalia nje. Mbuzi wa jirani walikuwa wamepata upenyo kwenye uzio, na mmoja alikuwa juu ya kaburi, amesimama kabisa kileleni anatafuna.

Kaka akashuka. Nikamwona anapanda mteremko kwa hatua ndefu, anarusha mawe, anaburuta mwiba kuziba upenyo. Akarudi na jasho, anacheka bado. "Kichwa hakijaja?"

"Hakijaja."

Akakaa. Lakini sasa hakuacha kuangalia. Mimi naongea, yeye anajibu akiangalia nje. Nikamwambia tuhamie benchi la upande wa pili, kuna kivuli. Akasema hapa panatosha.

"Kutoka hapa linaonekana dogo," akasema.

"Nini?"

"Udongo wa huku ni kichanga. Mvua mbili tu unakimbia. Kila masika naupandisha tena kwa mkono." Akajisogeza dirishani. "Baba alikuwa mlima. Walimlima misimu mingapi? Na bado ukipita pale gizani mguu wako unajua kwamba unapanda. Kweli si kweli?"

"Kweli," nikasema, maana ni kweli. Hata leo jembe linajua.

"Huyu hajulikani na mtu ila mimi."

Mama wa samaki alikuwa anagawa vipande vya samaki, kaka akapokea, akashukuru, hakula. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, "Nikichelewa, weka wewe lile bonge. Waambie wazee mkono ni wangu, nimekupa."

Nikacheka. "Utachelewaje, na wewe umekaa hapa?"

Wazee, maneno hayo nimeyaleta kama yalivyo. Yapimeni nyinyi. Mimi sikuyaomba, na nilipopewa sikujua kwamba napewa.

Jua lilipoanza kulegea mbuzi wakarudi. Kaka akasimama. Safari hii hakuniaga na sikumzuia, ni hapo tu, hatua chache. Mzigo wake aliuacha miguuni pangu. Nikamwona anawafukuza mbuzi, halafu hakurudi. Akaanza kukata miiba mipya. Akaipanga uzio mzima, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Ndipo honi ikalia kwenye kona. Kichwa kimerudi. Watu wakakimbia kuingia, wanasukumana milangoni. Kichwa kikajigonga mbele, na mgongano ule ukapita behewa hadi behewa, pa, pa, pa, mpaka ukafika kwetu, benchi likaruka. Kaka akanyooka, ameshika tawi la miiba mkononi. Nikatoa kichwa na mkono dirishani, nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote.

Aliniona. Najua aliniona. Treni ilianza kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, mtu wa kutembea tu angeifikia, na miguu ya kaka nimeshawaambia. Akatoka nje ya uzio, hatua tano, sita. Akasimama. Akageuka kuangalia nyuma, walikokuwa mbuzi, akageuka tena kuniangalia mimi. Hakukimbia.

Nikachukua mzigo wake nikautupa dirishani, apate shuka lake la usiku. Ukabingirika mpaka kwenye majani.

Na behewa zima likashangilia treni kuondoka. Makofi, miluzi, watoto wanapiga mabenchi kwa ngumi, jamaa wa mitumba anaimba harusi ya kichwa cha treni. Mama wa samaki alipiga vigelegele karibu kabisa na sikio langu, machozi ya furaha yanamtoka. Nikapiga makofi na mimi, wasije wakaniuliza.